Hamjamzika

Mwenye kibanda alizima jenereta mara tu filamu ilipokwisha, petroli yake isiungue bure. Tukabaki gizani, watu kama sitini, kwenye mabenchi ya mbao ndani ya kibanda umiza cha mabati pale Igombe, mwalo wa wavuvi nje kidogo ya mji wa Mwanza. Joto la miili, harufu ya dagaa kwenye nguo, na nyuma ya ukuta ziwa likipiga mawe.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka benchi la nyuma, karibu na mlango.

"Hamjamzika."

Kijana mmoja akadakia, "Pati tuu lini?" Kibanda kizima kikaangua kicheko, mlango ukafunguliwa, watu wakaanza kutoka. Nje walisimama kidogo, wakabishana kuhusu mechi ya jana yake, wakatawanyika. Mwongozaji alikuwa amejiandaa kwa maswali. Alikuwa ameandika na majibu kabisa, kwenye kidaftari.

(Mwongozaji ana jina lake. Sitalitaja, na hata hivyo tukiwa kazini hapendi kuitwa lingine.)

Filamu yetu ni ya dakika 26. Mimi niliandika muswada, yeye akaongoza, rafiki yetu wa Nyakato akapiga picha kwa kamera ya kuazima. Kisa chenyewe ni chepesi. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku usio na mwezi, upepo unachafuka, asubuhi mtumbwi unaonekana na yeye haonekani. Mkewe anakaa ufukweni. Siku ya kwanza yuko na watu wengi, ya pili na wachache, ya tatu peke yake. Usiku wa mwisho taa za wavuvi zinaanza kuwaka mbali majini, moja moja, mpaka ziwa linafanana na mji. Anazitazama. Picha inabaki hapo muda mrefu, kisha giza.

Niliipenda sana ile picha ya mwisho. Naipenda mpaka leo, na ndiyo maana nimechelewa kuandika haya.

## Tatizo ni Igombe

Tulipanda daladala ya mwisho. Mwongozaji alikaa dirishani, amepakata projekta kama mtoto mwenye homa, na hakusema kitu mpaka tulipokaribia uwanja wa ndege.

"Wamelishwa tamthilia kila jioni mpaka hawawezi kumeza kitu kisichotiwa sukari," alisema. "Wanataka mume arudi, mke azimie, muziki upande, basi. Ukiwanyima hicho wanakuuliza pati tuu."

Nikaitikia. Nikaongeza na yangu. Nilisema kosa ni la wale waliotuuzia sinema moja kwenye sidii mbili, tukazoea kwamba hadithi ikikatika ghafla basi kipande kilichobaki kiko dukani, ongeza hela. Nilisema mtazamaji aliyelelewa hivyo hawezi kutofautisha kukatiwa na kuachiwa. Sentensi hiyo niliipenda, nikajiahidi kuiandika mahali siku moja.

Nimeiandika. Siiamini tena.

Tulipofika Pasiansi tulikuwa tumekubaliana kwamba tatizo ni Igombe, na kwamba filamu ipelekwe kwa watu wanaoelewa. Orodha ya matamasha alikuwa nayo tayari kwenye simu, la Zanzibar likiwa juu kabisa.

## Ninyi

Wiki ya kwanza sikuliwaza lile neno. Ya pili likaanza kunijia ovyo: napiga mswaki, nipo kwenye foleni kwa wakala, natafsiri mikataba ya watu, kazi inayonilisha. Hamjamzika.

Angeweza kusema "hajarudi". Na sisi ndivyo tulivyosikia. Ukiurudia ule ubishi wetu wa kwenye daladala, utaona tulikuwa tunamjibu mtu aliyetaka mume arudi. Angeweza pia kusema "hajazikwa", ambapo hakuna mwenye kosa; ni kama kusema mvua haijanyesha. Yeye alisema hamja-. Ninyi. Ninyi mliosimama mbele na kidaftari.

Halafu kuna jambo nililoliruka usiku ule. Kijana wa pati tuu ndiye aliyechekesha, kwa hiyo ndiye tuliyembeba na hasira zetu mpaka Pasiansi. Yule mama hakucheka. Hakungoja maswali. Sura yake hata sikuiona.

## Uwanja wa ngoma

Bibi yangu wa Magu alikuwa wa Wagalu, babu wa Wagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, na kila mwaka baada ya mavuno nyumba ile iligawanyika vipande viwili mpaka msimu wa ngoma upite.

Kwenye mashindano yale hakuna jaji mwenye karatasi. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanahama kwa miguu yao kutoka huku kwenda kule. Jua likishuka, penye umati ndipo penye ushindi. Kwa miaka mingi huu ndio mfano niliowatupia wasanii wenzangu kila walipoanza kulia kwamba hadhira yetu haijakomaa: haya, nenda kacheze Kisesa, watu wote wahamie upande wa pili, ubaki na ngoma yako na uhuru wako.

Nilikuwa nautumia mfano huo kuwachapa tu. Sikuwahi kuutazama vizuri.

Maana umati ule haukukubali kituko cha mwaka jana. Ndiyo maana wachezaji walikuja na nyoka wazima, wakaja na nungunungu, wakaja na sanamu za mbao za kuchezesha, wakarusha majembe ya bugobogobo juu na kuyadaka bila kukosa pigo. Na dawa ya mvuto, babu angeongeza, kwa sababu mpaka anakufa hakukubali kwamba Wagalu waliwahi kumshinda kwa kucheza. Watu wanaohama uwanja kwa sababu umewaonyesha kitu walichokwisha kukiona, utawaambiaje kwamba wanaogopa kipya?

Na wajukuu wao ndio waliojaa vibanda umiza miaka ile, sinema za Hong Kong zikiingia na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa sinema, juu yake. Lufufu hakutafsiri tu. Aliongeza, alieleza, alimtukana jambazi kwa niaba yetu. Mwongozaji wa kule Hong Kong hakuulizwa, na sidhani kama aliwahi kujua. Sisi kwenye benchi nasi tuliongeza ya kwetu: tulimwonya shujaa ageuke nyuma, tulimwambia dada asifungue mlango. Filamu iliyoingia kibandani ilikuwa inamaliziwa humo humo ndani.

Kwa hiyo aliyesema "hamjamzika" alikuwa anafanya kile kinachofanywa kibandani siku zote. Wageni tulikuwa sisi, na kidaftari chetu.

## Filamu ya mapanki

Ni Mwanza, kwa hiyo siwezi kulikwepa hili.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha tatu. Darwin's Nightmare, filamu ya Mwaustria Hubert Sauper kuhusu biashara ya sangara hapa Mwanza, ilikuwa imetoka tangu 2004, ikazunguka Ulaya, na mwanzoni mwa 2006 ikawania Oscar upande wa filamu za makala. Sisi huku tuliijua kwa jina la kwetu: filamu ya mapanki, yaani mabaki ya sangara minofu ikishatolewa. Rais Kikwete aliishambulia hadharani, watu wakaandamana hapa mjini, na mimi na wenzangu tukiwa na sare za shule tulisimama kando ya barabara tukapiga makofi. Katika watu wote niliowajua, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona.

Niliiona miaka sita baadaye, chuoni, kwenye flashi ya mtu. Nilikaa nikiwa tayari kukasirika, nikakasirika kweli, ila mahali nisipotarajia. Ile habari kwamba ndege zinazokuja kubeba minofu ya sangara huleta silaha Afrika niliona imejengwa kwa vidokezo: rubani anaeleza alichowahi kubeba kwenda Angola, kisha unaachwa ujumlishe mwenyewe. Hilo limebishaniwa sana, mpaka mahakamani huko Ufaransa, na sitalimaliza mimi hapa. Watoto wanaovuta gundi niliwajua. Walikuwepo mitaani, mtu asiniambie wametungwa. Yule msichana anayeimba wimbo wa kuisifu nchi, ambaye baadaye tunaambiwa ameuawa, alinifanya nisimamishe filamu nikatoke nje kidogo.

Kilichonikaba ni mapanki.

Kamera inapita polepole juu ya vichwa na miiba ya sangara kwenye chanja, funza chini, na unajua kabisa unachotakiwa kuhisi. Mimi nilikuwa nimekula mapanki utoto wangu wote. Mama aliyapika na nyanya na pilipili kali, tukanyonya vichwa mpaka mfupa ukabaki mweupe, na mdogo wangu alikuwa analilia jicho. Nikakaa juu ya kitanda cha hosteli nikimwona mtu mgeni akiinamia sahani ya mama yangu na kukunja pua.

Ila mama alinunua mapanki kwa sababu minofu ilipanda ndege. Hapo Sauper hakudanganya. Nimejaribu mara nyingi kumkatalia hilo na nimeshindwa. Umaskini ule ulikuwepo na utamu ule ulikuwepo, kwenye sufuria moja, na yeye alikuwa na uhuru wa kuchagua atauonyesha upi. Alichagua. Nikabaki na hisia kwamba kwa zaidi ya dakika 100 filamu ile ilitutazama bila kuwaza kwamba ipo siku nasi tutaitazama.

Hayo niliyaandika kwenye insha ya chuo, kwa hasira nzuri nzuri. Nilipata alama za juu.

Sasa, wiki ya nne baada ya Igombe, nilikuwa jikoni naparua sato, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla sijaandika hata mstari mmoja wa muswada. Nilipokuwa naandika ile picha ya mwisho, nilimwona nani akiitazama?

Niliona viti vyekundu vya ukumbini. Niliona watu wenye vitambulisho shingoni, wakinyamaza vizuri.

Igombe palikuwa mahali pa kupigia picha.

## Hana muhuri

Huenda mmekuwa mkingoja nifike kwenye Bodi ya Filamu. Tukitaja uhuru wa msanii nchi hii, mazungumzo hukimbilia huko: vibali, madaraja ya umri, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Ni mazungumzo ya haki, na nina yangu ya kusema siku nyingine. Lakini mwenye mamlaka akikukatalia, walau unajua pa kusimama. Utapinga, utakata rufaa, utaandika kwa herufi kubwa mtandaoni na watu watakupa pole.

Yule mama hakunikataza kitu. Hana muhuri, hana ofisi. Alilipa shilingi mia tano kama wengine, akatazama mpaka mwisho, akasema neno moja, akaenda zake.

## Tunda lenye kichwa

Nilirudi Igombe Jumamosi, peke yangu. Mwongozaji sikumwambia.

Mwenye kibanda alimjua mara moja. "Huyo ni mama wa Rorya. Nenda mpaka mwisho wa mwalo, utamkuta kwenye dagaa wake." Nilimkuta ameinama anawageuza juani, kitenge kimefungwa kiunoni, redio ndogo ikiongea peke yake kwenye beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa ile sinema."

Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Nikamwomba radhi, ingawa sikujua kwa lipi. Akasema hana ugomvi na mtu, sinema ilikuwa nzuri, yule dada analia vizuri, halii kama wale wa kwenye televisheni. "Ila mmemkalisha pale siku tatu, halafu mkafunga kamera zenu mkaondoka."

Nikaanza kumweleza. Nikasema tulitaka mtazamaji aondoke na ule mzigo, asipewe mwisho mwepesi. Katikati ya sentensi nikajisikia ninavyotamka "mtazamaji" mbele ya mtazamaji, kama daktari anayemzungumzia mgonjwa aliyelala pale pale.

Aliacha kugeuza dagaa.

"Ulidhani nataka arudi?"

Sikujibu.

Mume wake aliingia ziwani kutoka upande wa Shirati, zamani, na hakuonekana. Kuhusu siku yenyewe hakunisimulia zaidi ya hapo, nami sikuuliza. (Haya yote nimeyaandika kwa ruhusa yake, aliniomba jina tu nisilitie.) Alichonisimulia kirefu ni kilichofuata. Kwao, kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, hutafutwa yago, lile tunda refu na zito la mvungunya, linaloning'inia mtini kama mchi. Tunda linaletwa nyumbani, linalazwa, linaliliwa, linachimbiwa kaburi kama la mtu. Shemeji zake walilibeba wanne, ingawa mmoja angetosha. Na walipolifikisha, mzee mmoja akagomba kwamba wamelilaza vibaya, kichwa kilitakiwa kikae upande mwingine.

"Tunda lina kichwa?" nikauliza.

"Siku ile lilikuwa nacho."

Akaokota fimbo yake, akaendelea na dagaa. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Tunajua ni tunda, mwanangu. Hakuna mjinga pale. Watoto wenyewe walijua. Lakini kesho yake niliweza kwenda sokoni."

Nilikaa kwenye ile ndoo mpaka jua likanifikia.

Nilikwenda kule nikidhani nakwenda kumsikiliza mfiwa. Nilichosimuliwa ni wanaume wanne wanaobeba kitu chepesi kwa mwendo wa kitu kizito, na mzee anayewasahihisha wasimameje, na mwanamke aliyejua kila kitu ni cha kuigiza na akalia kwa machozi ya kweli. Nimehudhuria warsha za uigizaji ambazo hazikufika hapo. Usiku ule kibandani hakuwa analalamika. Alikuwa ameona wenzake wa kazi wameacha onyesho katikati.

## Kamanga

Nilimsimulia Mwongozaji tukiwa tunakula karibu na kivuko cha Kamanga. Alisikiliza mpaka mwisho, ambayo si kawaida yake.

"Mhusika wetu ni Msukuma," alisema. "Yago si lake."

"Tutatafuta la kwake."

"Hapana kaka, nisikilize. Mama yule ana haki ya kilio chake. Hana haki ya filamu yangu. Leo ni yeye. Kesho atatokea wa Kayenze aseme mke aliyefiwa havai hivyo, mwingine aseme wavuvi wa kwao hawanywi gongo. Nikianza kumsikiliza kila aliyefiwa, hakuna atakayetengeneza filamu juu ya ziwa hili. Nani huku hajafiwa na ziwa?"

Sikuwa na jibu. Nilifikiri amemaliza, nikaomba maji ya kunawa.

Hakuwa amemaliza. Sauti ilishuka, na yale aliyoyasema baadaye hayakuwa kwenye kidaftari.

Amekulia Igoma, hilo nilijua. Kila siku akienda shule alipita kwenye makaburi ya MV Bukoba, hilo pia ningeweza kulikisia. Nani wa Igoma hajapita pale? Nisichokijua ni kwamba tarehe 21 Mei 1996 mama yake mdogo alikuwa ndani ya meli. Watu zaidi ya 800 walikufa. Waliopatikana wakatambuliwa na ndugu, au wakazikwa pale pamoja. Mama yake mdogo hakupatikana.

"Sisi hatukuzika kitu," alisema. "Hatukuzika tunda, hatukuzika nguo. Bibi alikataa. Alisema ukizika umekubali. Alikaa. Wageni wakija anawapa kiti kinachotazama mlango, yeye anakaa kile kingine ili aweze kuona njia. Mpaka anakufa ilikuwa ni kukaa tu. Sasa wewe unataka nimzike yule mvuvi ili watu wa Igombe wakalale. Nitakuwa nimedanganya."

Miaka kumi nimefanya kazi na mtu huyu. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa, tulishinda naye chumba kimoja tukisikiliza redio kutwa. Hakusema neno. Nilidhani amechoka, nikamnunulia soda.

Kwa hiyo ile picha ya mwisho, mke anatazama taa, ilikuwa ya bibi yake. Yeye alikuwa anamtazama bibi. Mimi nilikuwa natazama viti vyekundu. Tuliikubali picha ile ile, siku ile ile, tukapeana mikono, na kila mmoja alikuwa na filamu yake.

Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama mpaka sasa. Nilikuwa nimejiandalia pande mbili: msanii huku na uhuru wake, hadhira kule na madai yake. Lakini Mwongozaji mwenyewe ni mtu wa benchi la nyuma. Naye amewahi kungoja ufukweni. Mama wa Rorya anasema kumwacha pale ni kutomaliza kazi, mjukuu wa Igoma anasema kumtoa pale ni uongo, na wote wawili wanaongea kutoka majini. Ningepata kura ya watu sitini wa Igombe isingenisaidia. Hata mashindano ya Wagika na Wagalu yanahitaji umati unaoweza kuhama, na hawa wawili hawahami.

Mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuhama. Sikufiwa. Labda ndiyo sababu niliandika kwa urahisi ule.

## Kiroba

Kwa ruhusa ya Mwongozaji, nilimpigia simu mama wa Rorya nikamweleza. Sikutaka abaki akidhani kwamba kijana yule ana kiburi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata.

Kisha akauliza mama mdogo alikuwa na umri gani. Nikamwambia Mwongozaji alisema ishirini na mbili.

"Alikuwa ameolewa?"

Sikujua. Akaniambia niulize, halafu akakata.

Jumatano iliyopita utingo wa basi la kutoka Rorya alinipigia, kuna mzigo wangu stendi. Ulikuwa kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani, kizito kuliko kilivyoonekana. Nikadhani ni mihogo. Nilipokifungua nyumbani ndani kulikuwa na yago moja, la kijivu, refu kama mkono wangu, limezungushiwa kipande cha kanga safi. Nikampigia. Alisema neno moja tu, "La mwenzio," akaanza kuulizia bei ya dagaa Kirumba Mwaloni, kama vile ndilo jambo lililotuunganisha siku zote.

Sijui kama amelituma kwa ajili ya filamu au kwa ajili ya mama mdogo. Sikuuliza. Nilimtumia Mwongozaji picha yake pamoja na maelezo mafupi. Amesoma, alama mbili zimegeuka bluu tangu Jumatano jioni. Filamu iko vile vile ilivyokuwa, dakika 26, na nakala ya tamasha alishaituma.

Nililiweka juu ya meza sebuleni. Mke wangu alinisikiliza nilipomweleza ni nini, akaliangalia, akasema yeye hawezi kulala nyumba moja na maiti. Sikubishana naye. Nikalitoa nje, nikalilaza chini ya mwembe pamoja na kanga yake.

Saa tano usiku mvua ikaanza. Nilikaa kitandani kidogo nikiisikiliza kwenye mabati, kisha nikainuka, nikachukua turubai la pikipiki, nikatoka. Nikalifunika. Nikasimama pale na tochi ya simu, nimelowa, nikijaribu kukumbuka kichwa kinatakiwa kikae upande gani.